Mji Hupima kwa Mkato

Nyumba ya dada yangu Milada ilifika Jumatano saa nne asubuhi, imepakiwa juu ya trela kama kitanda, bendera nyekundu mbele na bendera nyekundu nyuma. Virgil Stroud, ambaye kazi yake ni kuhamisha nyumba, aliivuta polepole hivi kwamba bata wangu wawili waliipita barabarani.

Zamani nyumba hiyo ilikuwa shule yetu, chumba kimoja cha mbao na kengele juu. Mimi nilisoma pale miaka minne, mpaka mwaka ule wa ukame na vumbi baba aliponiachisha nikakamue ng'ombe. Milada aliimaliza yote minane, na bado hajui kumenya kiazi bila kutupa nusu yake. Kamati ya shule ilitangaza kwamba atakayeiondoa aichukue bure. Tukaichukua. Fundi akaitia jiko na choo ikiwa bado kule kule, ili ikifika kwangu iwe ya kuunganishwa maji na umeme tu.

Haraka yetu ilikuwa hii. Milada ana miaka sabini na tisa, mimi sabini na saba. Alikuwa amepanga ghorofani, na mwezi wa tatu akaanguka ngazini. Mwanawe aliyeko Omaha akamtafutia chumba katika nyumba ya wazee huko huko, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, nami siku hizi siendeshi mbali zaidi ya dukani. Chumba kile walikubali kukishikilia mpaka Ijumaa. Mwanawe alisema bila kuficha: "Mama, Ijumaa jioni nikikukuta una nyumba iliyokaa chini, basi kaa. Nikikuta iko juu ya magurudumu, naja na sanduku." Virgil naye Ijumaa jioni lori lake lilikuwa linatakiwa kaunti nyingine.

Siku tatu zilitosha. Msingi wa zege ulikuwa umeshamwagwa na kukauka, hatua sitini kutoka dirisha langu la jikoni. Nilizihesabu mwenyewe. Nilitaka nikiosha vyombo nimwone naye anaosha vyake. Na kibali cha ujenzi, chenye mhuri wa kaunti, kilikuwa kimebandikwa mlangoni pa friji.

Virgil alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukata kona kuingia uani, ndipo gari dogo jeupe likasimama nyuma yake. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu vyake vya ofisini, amelikumbatia jalada kama mtoto.

"Bibi Vlasta?"

"Ndiye mimi. Umekuja kuona nyumba ikitembea?"

"Nimekuja kuisimamisha, Bibi." Akasema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba choo. "Naitwa Kendra. Ni afisa wa mipango wa mji."

"Mji gani?" Milada akauliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya ukuta, kofia kichwani, maana hakutaka kupitwa na lolote. "Mji uko kule. Hapa ni mahindi."

Kendra akaeleza. Mji una mamlaka juu ya ujenzi ndani ya mpaka wake, na tena maili mbili nje ya mpaka huo pande zote. Kuanzia hapo ndipo mamlaka ya kaunti yanapoanza. Na sheria ya mji katika zile maili mbili ni kwamba shamba moja ni nyumba moja.

"Hilo tunalijua, mwanangu," nikamwambia. "Kaunti inaruhusu nyumba ya pili kama ni ya ndugu. Ndiyo maana tulikwenda kaunti. Sisi tuko maili mbili na nusu. Delmar alikuja kupima kwa mkono wake."

"Ndiyo, Bibi. Nimeona fomu yake. Ndiyo iliyonileta."

Akatoa karatasi ya rangi ya machungwa yenye neno SIMAMA, akatafuta pa kuibandika. Nyumba ilikuwa juu sana. Virgil, ambaye ni mtu wa adabu, akaichukua akapanda ngazi akambandikia.

Delmar Rezac alifika kabla gundi haijakauka. Huku habari husafiri zenyewe. Yeye ndiye afisa wa ujenzi wa kaunti siku tatu za wiki, siku nyingine anafuga nguruwe, na huwezi kujua kwa nguo leo ni siku ipi.

"Mji umekuja kufanya nini huku?" akauliza, bado hajafunga mlango wa gari.

"Kukusalimia," Milada akasema. "Njooni ndani nyote, kahawa inachemka. Nanyi mkitaka kupigana, mpigane mmekaa."

Tukaingia. Nikawawekea mikate midogo ya jamu ya plamu, ile tunayooka sisi watu wa asili ya Bohemia, kule Ulaya, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema vizuri. Kisha Kendra akajifuta vidole.

"Bwana Delmar, hizi maili mbili na nusu ulizipimaje?"

"Kwa gari. Nilianzia kwenye ghala la nafaka, pale kona ya mpaka wenu. Nikaja magharibi maili moja na nusu, nikapiga kona, nikapanda kaskazini maili moja. Mbili na nusu. Kipima maili cha gari langu hakijawahi kunidanganya."

"Hakikudanganya," Kendra akasema. "Ila mji haupimi kwa barabara. Unapima kwa mkato."

Delmar akanitazama, nami nikamtazama. Lazima niseme kweli, katika miaka yangu sabini na saba sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Barabara zetu zote zimenyooka, kila maili moja njia panda, kama daftari la hesabu la mirabamiraba. Ukimwuliza mtu anakaa wapi atakwambia maili tatu magharibi na mbili kaskazini, na ukijumlisha ni tano, na tano ndizo utakazotembea. Nani akatize shamba la mwenzake? Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mtu hupita ukingoni, na anayekanyaga mmea wa watu hana mama.

"Mkato upi?" Delmar akauliza. "Hapo katikati kuna mahindi ya watu wanne na bwawa."

"Mstari hauogopi bwawa," Kendra akasema.

Meza yangu ina kitambaa cha plastiki cha mirabamiraba, nyekundu na nyeupe. Kendra akaomba uzi. Nikampa kikapu changu cha kushonea. Akaweka kipande cha sukari kwenye kona ya mraba. "Hili ni ghala la nafaka. Kila mraba ni robo maili. Nihesabie, Bibi. Magharibi maili moja na nusu."

"Sita," nikasema, nikisogeza kidole.

"Kaskazini maili moja."

"Nne." Hapo nikaweka kifungo cha shati. "Hapa ni mimi."

"Kwa barabara ni miraba kumi. Bwana Delmar yuko sawa kabisa." Delmar akaitikia kwa kichwa kama mchungaji wa kanisa. "Sasa tazama." Akavuta uzi kutoka kwenye sukari mpaka kwenye kifungo, moja kwa moja, akaubana kwa kucha, akaulaza kando ya miraba iliyonyooka. Ulifika saba na kidogo. "Maili mbili ni miraba minane. Wewe uko saba na kidogo, Bibi. Uko ndani ya mji kwa karibu mraba mmoja."

Milada akachukua uzi akapima tena mwenyewe, kwa sababu hamwamini mtu. Ukafika pale pale.

"Miaka minane ya shule," nikamwambia, "na hukuliona hilo."

"Nililisoma," akasema. "Sikujua lina kazi."

Nikamwuliza Kendra kuna njia gani. Akasema ipo: niandike maombi ya kusamehewa sheria, nipeleke kwenye bodi ya mji. Bodi inakaa baada ya wiki tatu. Mara nyingine hukubali.

"Na mara nyingine?"

"Hukataa."

"Wiki tatu," Virgil akasema kutoka mlangoni. Alikuwa akila amesimama kwa sababu ya buti zake. "Mimi wiki tatu siwezi, Mama Vlasta. Nikiishusha uani bila msingi haitainuka tena mpaka majira ya kuchipua."

Na Ijumaa mpwa wangu angekuja na sanduku.

Delmar akapiga meza, vikombe vikaruka. "Usiandike maombi. Una mhuri wa kaunti mlangoni pa friji. Ishushe nyumba kwenye msingi wako leo hii, Vlasta, nami nitasimama mbele yake. Kaunti imechoka kusukumwa na mji. Mwaka juzi walichukua barabara ya kiwanda, mwaka jana wakachukua uwanja wa maonyesho, sasa wanataka vikongwe wetu."

"Wakitushitaki?" nikauliza.

"Tutakwenda mahakamani."

"Nami nitakuwa wapi wakati huo?" Milada akauliza. "Katika nyumba yenye karatasi ya machungwa? Mahakama hizi mimi nitazikwa hazijafungua faili. Mniandikie kaburini: alishinda kesi."

Kendra alikuwa ametazama chini. Nikaona hapendi kazi yake siku ile, lakini hakuwa mtu wa kusema uongo ili apendwe. Hilo lilinifurahisha, ingawa sikumwonyesha.

Nami, kusema kweli, nilijaribiwa. Niliangalia nje dirishani, ule msingi mweupe, hatua sitini. Ningesema neno moja tu Virgil angeingiza lori. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika uzi, ncha moja chini ya sukari. Nikawa nauzungusha bila kufikiri, nikiubana kwenye mraba wa nane, kama mtu anavyochezea kitu akiwa na mawazo. Na ukizungusha uzi hivyo unachora duara.

Nikakumbuka mbuzi tuliyekuwa naye utotoni, tuliyekuwa tunamfunga kwenye kigingi. Majani yaliliwa duara safi, na nje ya duara yalisimama marefu kama kawaida. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

"Mwanangu," nikamwambia Kendra, "mji ni mbuzi."

"Samahani, Bibi?"

"Hili ghala ndicho kigingi. Kamba maili mbili. Sasa kamba ikipita hapa," nikauvuta uzi juu ya kifungo, "inaishia hapa. Ni juu ya shamba langu bado. Shamba langu ni nusu maili kwa nusu maili, yaani miraba miwili kwa miwili. Kwa hiyo huku, ambako mbuzi hafiki, ni kwa nani?"

Kendra akainama juu ya meza. Akaihesabu miraba. Akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

"Kwa kaunti," akasema.

"Kwangu," Delmar akasema, akavuta sahani ya mikate karibu.

"Shamba likikatwa na mstari," Kendra akasema, "sheria inayofuatwa ni ya pale nyumba inaposimama. Hilo limeandikwa. Naweza kukuonyesha ukurasa."

"Usinionyeshe. Niambie ni hatua ngapi kutoka hapa."

Kwa hesabu ya kitambaa zilikuwa kama hatua mia nne, katikati ya shamba la majani ya ng'ombe. Hapo furaha yangu ikapoa. Hatua mia nne si sitini. Katika theluji mia nne ni safari. Dirishani ningeona paa tu, na kengele.

"Ni mbali," nikasema. Sikumtazama dada yangu. "Milada, ni mbali. Kama unaona bora Omaha, kule kuna muuguzi mlango wa pili, mimi sitakulaumu."

Akakoroga kahawa yake, ambayo haina sukari, kwa hiyo hakuna anachokoroga.

"Vlasta, unajua wiki hii sijalala?"

"Mguu?"

"Hatua sitini. Nilikuwa nalala naziwaza. Ungekuwa unaniona nikila biskuti. Ungehesabu saa ninayoamka. Ungekuja kunikunjia taulo zangu upya."

"Unazikunja vibaya."

"Ndiyo hivyo. Mia nne ninaweza kuishi."

Maneno yale yalinichoma, sitaficha. Tulikuwa tumepanga tangu mwezi wa tatu, na muda wote huo mwenzangu anakosa usingizi kwa jambo nililolihesabu kwa furaha.

"Ungeniambia," nikasema mwisho.

"Ningekuambiaje? Ulishamwaga zege."

Virgil akaanza kucheka, akajifanya anakohoa, na mimi mwenyewe nikashindwa. Tulicheka mpaka Delmar akavua miwani.

Kesho yake, Alhamisi, Kendra alirudi amevaa buti, na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Delmar alikuja na ramani ya kaunti. Wakaanza kuvutana upya, maana kwenye ramani ya mji ule mstari ulichorwa kwa penseli, na penseli ile ukiishusha ardhini ina unene wa hatua arobaini.

"Mji unaishia ndani ya mstari," Delmar akasema.

"Unaishia nje ya mstari," Kendra akasema.

"Sasa aliye katikati ya penseli anaishi wapi?"

"Karatasini," Milada akajibu. Alikuwa ameletwa na gari mpaka pale, kiti chake na kofia yake.

Nikawaambia waongeze hizo arobaini wasinichoshe, shamba ni langu na majani yataota tena. Tukapiga vigingi kwenye hatua mia nne na arobaini. Delmar akaandika kibali kipya juu ya boneti ya gari lake, Kendra akasoma kila mstari, kisha akaandika yeye barua ya mji kwamba mahali hapo hawana neno. Wakapeana mikono. Delmar alifuta kwanza mkono wake kwenye suruali, nikajua leo ni siku ya nguruwe.

Virgil aliingilia lango la chini la shamba, kutoka barabara ya kusini. Ardhi ilikuwa kavu, nyumba haikutikisika sana, ila kengele ililia mara moja kwenye mtaro, na ng'ombe wote wakainua vichwa. Majirani wakaja na mashine ya kuchimba mtaro, wakavuta bomba kutoka kisimani kwangu na waya wa umeme. Nyumba ikashushwa juu ya nguzo za saruji kavu alizokuja nazo Virgil, Ijumaa saa saba mchana. Mpwa wangu alipofika saa kumi na moja, sanduku mkononi, alimkuta mama yake anaoka. Aliizunguka nyumba mara mbili akigonga nguzo kwa ncha ya kiatu. Kisha akaingia akala.

Ule msingi wa hatua sitini kuku wameuchukua. Wanaupenda, unashika joto.

Jumapili ya kwanza nilimwalika dada kahawa saa tisa. Nikatenga meza, nikasimama dirishani. Nilimwona kwa mbali akitokeza na fimbo yake, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa. Nikadhani atanyoosha kuja kwangu. Badala yake akageuka akashuka njia ya gari mpaka barabarani, akapiga kona kwenye lango, akaja polepole kando ya barabara, akapiga kona tena kuingia uani. Ilimchukua nusu saa. Alifika anahema, viazi vya sahani vimepoa.

"Kwa nini hukukatiza?" nikamwuliza.

"Nikanyage majani?" Alinitazama kama nimemwambia aibe.

"Ni majani yangu, Milada."

"Ni majani."

Jumatatu nikatoa trekta na mashine ya kufyekea. Maisha yangu yote nimefyeka kwa kufuata ukingo, kwenda na kurudi, mistari imenyooka mtu akipita asinicheke. Siku ile nililenga bomba la moshi la dada yangu, nikakata katikati ya shamba, pembe mpaka pembe, njia ya upana wa hatua mbili. Jirani yangu alisimamisha gari barabarani akaniuliza kwa sauti kama najisikia vizuri. Nikamwambia napima kama mji. Hakuelewa, akaenda kumwambia mkewe.

Sasa Milada hunijia kwa dakika kumi, na ikianguka theluji mpwa ameweka kamba kutoka mlango mpaka mlango, tushike. Taulo zake sijazigusa. Biskuti sizioni.

Majira ya kuchipua yaliyofuata ikaja barua ya mji, kwangu moja na kwake moja. Mji ulikuwa umeingiza mitaa mipya upande wetu, kigingi kimesogea, na kwa hiyo maili mbili zimesogea nazo. Shamba langu lote, ukingo kwa ukingo, sasa lilikuwa chini ya sheria za mji. Nyumba zilizokwisha kusimama kwa kibali halali zitabaki zilivyo. Sahihi ilikuwa ya Kendra, na chini yake aliandika kwa kalamu kwamba anatusalimu.

Milada alinisomea mezani kwangu, maana barua za ofisi yeye huzisoma vizuri kuliko mimi. Alipomaliza akaikunja mara nne.

"Haya, tumehamia mjini," akasema, "na hatukubeba hata kijiko."

"Unaonaje?"

"Pana watu wengi mno. Wakizidi nitarudi shamba."

"Utarudi shamba gani? Ndilo hili."

Akafikiri, akajimegea mkate.

"Basi nitabaki," akasema.